Umemfunga Mdomo, Nani Atamfungua?

Tuseme vijana wa Silibwet wana kikundi chao katika Telegram, na roboti aitwaye Rose ndiye askari. Oktoba inafika, bonasi ya majani chai inazua matusi, kijana mmoja ananyamazishwa. Anasoma yote lakini hawezi kujibu, hata kuomba radhi! Rose hana huruma wala saa. Usipompa muda, adhabu haina mwisho. Wewe msimamizi jibu ujumbe wa kijana huyo kwa /unmute, basi. Kama ulifutwa, ongeza jina lake la Telegram. Aliyefukuzwa ni shauri jingine: /unban humfungulia mlango tu, haimrudishi ndani. Mtumie linki, tena upesi, kabla hajaanzisha kikundi chake.