Tabo Isiyosawazishwa Haijatengenezwa

Lori la dizeli linalopakia kontena Mombasa na kuelekea Malaba hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa, ambako hewa imekuwa nyepesi kwa takriban robo, na kinachoiwezesha injini kuendelea kuvuta mzigo katika mwinuko huo ni tabo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, alitaka nguvu inayopotea na moshi irudi kazini: gurudumu moja husukumwa na moshi wa moto, shafti hupeleka mzunguko upande wa pili, na gurudumu jingine hushindilia hewa ndani ya silinda. Ugumu umo katika kasi, kwa kuwa shafti hiyo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika huku ikibebwa na bushi zinazoelea juu ya utando mwembamba wa oili.

Kwa sababu hiyo, tabia ya baadhi ya gereji ya kufungua tabo, kubadilisha bushi na ringi za sili, kisha kuifunga bila kuisawazisha na kulirudisha lori barabarani siku hiyohiyo, haifai kuvumiliwa. Nguvu inayotokana na uzito usiolingana huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikizidi mara mbili nguvu hiyo huzidi mara nne, na bushi mpya haziwezi kuihimili kwa muda mrefu. Fundi makini huweka alama kwenye shafti, gurudumu la hewa na nati kabla ya kuvitenganisha ili kila kimoja kirudi kilipokuwa, lakini gurudumu likibadilishwa alama hizo hazina kazi tena, na mashine ya kusawazisha ndiyo pekee inayoweza kutoa jibu. Gereji moja ndogo haiwezi kuimudu mashine hiyo. Vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya VETA nchini Tanzania, ndivyo vinavyostahili kuwa nayo na kuwahudumia mafundi wa mtaani kwa ada nafuu.

Aidha, tabo mara nyingi huuawa na kitu kilicho nje yake. Oili ikionekana kwenye mabomba ya hewa, sili hulaumiwa haraka, ilhali sili hizo ni ringi nyembamba zisizoweza kuzuia oili iliyokosa njia ya kushukia. Bomba la kurudisha oili likiziba, au tundu la kupumulia la injini likizibwa na uchafu, hata tabo mpya itavuja. Filta ya hewa iliyojaa vumbi nayo huongeza mvuto unaoinyonya oili kupitia sili.

Kuhusu kuiongezea tabo uwezo, tahadhari kubwa zaidi inahitajika. Gurudumu la hewa lililochongwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu ni imara kuliko la kumiminwa, na beringi ya msukumo, ile inayozuia shafti kwenda mbele na nyuma, ikiwa ya duara kamili hubeba mzigo vizuri kuliko iliyokatwa upande. Hayo ni maboresho ya kweli. Kukaza vali ya kupunguzia moshi ili shinikizo lipande si mojawapo, kwa sababu kwenye miinuko tabo tayari huzunguka kasi zaidi ili kufidia wepesi wa hewa, na kasi ikivuka kikomo gurudumu hupasuka na vipande vyake huweza kuingia kwenye injini.

Hata tabo iliyosawazishwa ipasavyo huweza kuharibika katika sekunde chache za kwanza isipomiminiwa oili safi kwenye tundu lake na injini kuzungushwa kwa stata bila kuwaka hadi oili ifike, na dereva anayezima injini papo hapo baada ya mlima huiacha oili iungue ndani ya bushi na kuganda kuwa masizi magumu, ingawa dakika chache za kuiacha injini iungurume taratibu zingetosha kuipoza.