Karamu na Jaa

Watu wengi huipima karamu kwa wingi wa wageni, uzuri wa mapambo na utamu wa chakula. Wachache huipima kwa kile kinachosalia asubuhi yake. Ukumbi uliong'aa usiku huonekana asubuhi kama ulivyo: sahani nyeupe za povu zilizovunjika, vikombe vya plastiki vilivyokanyagwa, vijiko vyepesi vilivyokatika mpini, chupa za maji zilizonywewa nusu, maputo yaliyopasuka, riboni na maua ya bandia. Mfagizi huyakusanya haya yote pamoja na mifupa na masazo ya pilau, akayatia katika gunia moja. Sahani iliyomtumikia mgeni kwa saa moja huanza safari ambayo haitakwisha katika umri wa mgeni huyo, wala wa wajukuu wake.

Siku hizi limezuka neno la kuwatuliza wenye karamu. Husemwa kwamba hakuna taka duniani, ila malighafi iliyo mahali pasipo pake. Kwamba yanayotupwa na arusi yaweza kugeuzwa matofali, mbao, viti na mapambo. Na kwamba ufundi huo, uitwao usanifu wa mzunguko, utaliondoa tatizo pasipo mtu yeyote kubadili desturi yake. Mwanzo wa neno hili una ukweli ndani yake. Mwisho wake ni udanganyifu, tena udanganyifu wenye hatari kuliko mwingine, kwa sababu umevaa joho la elimu.

Ukweli upewe haki yake kwanza. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi wa majahazi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini chombo kilichoitwa Flipflopi. Kiliundwa kwa plastiki iliyookotwa, yapata tani 10, na ubavu wake ukapambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kilomita zipatazo 500 kutoka Lamu hadi Unguja. Jijini Nairobi, Nzambi Matee aliasisi Gjenge Makers, karakana inayochanganya plastiki na mchanga na kutoa matofali ya kutandika njia, na mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtunuku. Hizi ni kazi za heshima. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayezibeza.

Lakini sifa ya fundi si ruhusa ya mchafuzi. Waundaji wa Flipflopi hawakusafiri ili kuwaambia watu waendelee kutupa. Waliitumia safari yao kudai kwamba plastiki za kutumiwa mara moja zikomeshwe. Wenye karamu wamesikia habari za jahazi, wasisikie ujumbe wa nahodha.

Na itazamwe kama kweli taka za karamu zaingia katika ufundi huo. Plastiki si kitu kimoja, ingawa lugha ya sokoni huipa jina moja. Matofali ya Matee hutumia plastiki za aina ya politheni na polipropilini, kama zile za chupa za maziwa, mifuko, kamba na ndoo. Chupa ya maji ya kunywa ni ya aina nyingine, wala haiingii katika matofali hayo. Sahani ya povu ni polisitirini, na sehemu yake kubwa, kama asilimia 95, ni hewa tupu. Kikombe cha karatasi kina utando wa plastiki ndani yake ulioshikamana na karatasi hata kuutenga ni kazi kubwa. Puto ni mpira au utando uliopakwa madini. Vitu hivi vyote, vikiisha kuvurugwa pamoja na mchuzi na mafuta katika gunia moja, vimekwisha kupoteza nafasi ya kuwa malighafi. Kuvitenga tena, kuviosha na kuvikausha kwagharimu zaidi ya thamani yake.

Ushahidi wa jambo hili haupatikani katika vitabu tu. Yupo mtu maskini ambaye hupita alfajiri nyuma ya kumbi za Dar es Salaam akiwa na mfuko mgongoni. Huyo huokota chupa za maji, kwa kuwa zina mnunuzi na hupimwa kwa kilo. Sahani za povu huzipita. Kwa kupata kilo moja angehitaji sahani zaidi ya mia, tena safi, na pengine mwisho wa taabu yake asimpate wa kuzinunua. Mwokota chupa hajasoma usanifu, lakini hukumu yake ni sahihi kuliko hotuba nyingi. Alichokiacha yeye kitakwenda jaa la Pugu, au kitachomwa uani na kutoa moshi mweusi wenye sumu, au mvua itakichukua mtaroni hadi mto Msimbazi, na Msimbazi hadi Bahari ya Hindi.

Tena hata kile kidogo kinachofika karakanani hakifanyi mzunguko. Sahani iliyogeuzwa tofali haiwi sahani tena. Arusi ya juma lijalo itanunua sahani mpya, zilizofanywa kwa mafuta mapya yaliyochimbwa ardhini, na tofali nalo siku moja litavunjika na kuwa taka. Hiyo ni njia iliyonyoka iliyoongezewa kituo kimoja. Mzunguko ni pale kitu kinaporudi kilikotoka, kikafanya kazi ileile, kikarudi tena.

Walio mbali hudhani kwamba mzunguko wa namna hiyo ni fikra ngeni inayosubiri wataalamu na mikopo. Haisubiri. Umo katika karamu hiyohiyo, chini ya meza ileile. Usiku, wageni wakiisha kuondoka, kuna mjumbe mmoja wa kamati ambaye halali. Huyo ndiye aliyekabidhiwa vinywaji. Amekaa mbele ya makreti akihesabu chupa tupu za soda na bia, moja baada ya moja. Akikosa tatu huingia chini ya viti kuzitafuta, kwa maana chupa iliyopotea hulipwa. Kesho gari litakuja kuzichukua, zitaoshwa kiwandani, zitajazwa, na mwezi ujao zitakuwa mezani pa arusi nyingine. Hapana aliyemhubiria mjumbe huyu mapenzi ya mazingira. Chupa inarudi kwa sababu tatu: ina mwenyewe, ina amana, na ina umbo moja linaloingia katika kreti lolote la namna yake. Sahani ya povu haina hata moja katika hayo matatu. Tofauti baina ya chupa inayohesabiwa na sahani inayofagiwa si tofauti ya ustaarabu wa watu, maana watu ni walewale. Ni tofauti ya jinsi kitu kilivyopangwa kabla hakijatumiwa. Huo ndio usanifu. Na hata chupa hiyo sasa inasukumwa na ndugu yake wa plastiki, asiyedai kurudi.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili pasipo kulipa jina. Mitaani palikuwa na masufuria makubwa, masinia, mabakuli na mikeka ya watu wote, mengine yakiwa wakfu chini ya ulinzi wa msikiti, mengine mali ya chama. Mwenye arusi, maulidi au hitima aliazima akarudisha. Vyombo vilivyotoka majumbani vilitiwa alama ya rangi chini, ili kila kimoja kijulikane kwao. Pilau iliandaliwa katika sinia, watu wanne au watano wakalizunguka, wakala kwa mkono. Hapakuwa na sahani nne au tano za kuosha wala za kutupa. Palikuwa na sinia moja. Mizani ikiwekwa, mpangilio huo umewashinda wasanifu wengi wanaopewa tuzo leo, na bado mahali pengi haujafa.

Hapa hutokea hoja nzito, na haifai kuikwepa. Nani aliyaosha masinia hayo? Waliyaosha wanawake. Wanaume walipokuwa wakizungumza barazani, mama, shangazi na wasichana walikuwa uani na majivu na makumbi ya nazi, migongo imepinda hadi usiku wa manane. Sahani ya kutupa ilipokuja, kwao ilikuwa nafuu ya kweli. Yeyote anayesifu mambo ya kale bila ya kuwataja hawa anasifu jasho la wengine. Lakini yaangaliwe matokeo yake. Kazi haikuondolewa, imehamishwa. Ilitoka mikononi mwa mwanamke wa uani, ikaenda kwa mfagizi wa alfajiri, kwa mwokota taka wa jaani, kwa mvuvi anayevuta plastiki wavuni mwake, na kwa mtoto atakayezaliwa. Haki haipatikani kwa kumtupia mzigo asiyekuwapo karamuni. Haki ni kuosha kuwe kazi yenye ujira, kama kupika na kupiga picha kulivyo kazi zenye ujira. Kundi la kukodisha vyombo likileta sahani zake za udongo au za chuma, likazihesabu, likaziosha kwa maji moto na kulipwa, mwanamke amepumzika na jaa limepumzika.

Husemwa pia kwamba fedha haitoshi. Neno hili ni gumu kuaminika mbele ya kamati ya arusi. Kamati hukutana wiki baada ya wiki, huandika daftari la ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, muziki, magari, picha na mshereheshaji, na huwadai watu michango kwa ukali kama wa kodi. Katika orodha yote hiyo aghalabu taka hazina mstari wake. Anayelipia maua ya bandia ya usiku mmoja hana haki ya kulia umaskini mbele ya gharama ya kuosha sahani.

Wengine hukimbilia sahani ziitwazo za kuoza. Zile zilizofanywa kwa majani, kama majani ya mgomba, huoza kweli. Lakini nyingi za plastiki itokanayo na mahindi huhitaji joto la nyuzi 60 hivi katika mitambo maalumu; zikitupwa mtaroni hukaa kama ndugu zake. Mnunuzi hulipia jina akapata dhambi ileile.

Wala isidhaniwe kwamba desturi haiwezi kubadilika. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kila mara palisemwa kwamba biashara itakufa. Watu wakachukua vikapu, na soko likafunguliwa kesho yake. Kenya iliendelea mwaka 2022 kwa sheria ya taka inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake. Ufaransa, tangu Januari 2023, huzilazimisha hoteli za chakula zenye nafasi 20 na zaidi kuwapa wanaolia mle vyombo vinavyooshwa. Nchi tajiri imerudi karoni kwa amri ya sheria, ilhali wale waliokuwa karoni wanafundishwa kwamba kutupa ndiyo maendeleo.

Basi wajibu u wazi. Mwenye ukumbi aandike katika mkataba kwamba sahani za povu hazipiti mlangoni pake. Kamati iweke mstari wa vyombo na waoshaji, na amana kwa kila sahani, kama ilivyo kwa chupa. Mapambo yawe ya kitambaa kinachofuliwa, yakodishwe. Masazo yatengwe, yaende kwa mbuzi na shambani. Serikali iitazame sahani kama ilivyoutazama mfuko. Yakiisha kufanywa hayo, yatakayobaki yatakuwa machache, na hayo ndiyo apewe fundi wa matofali, kwa heshima na kwa malipo. Fundi huyo ni mtu wa mwisho katika safu. Walio mbele yake, wanaokaa meza kuu, wamemfanya awe wa kwanza ili wao wasiguswe.