Mzazi anasubiri upasuaji? Kilo zisiwadanganye

Mzazi anapopangiwa upasuaji mkubwa, familia huhangaika na fedha, damu ya kuongezewa na nani atakayemuuguza. Uzito wake hauwasumbui, hasa akiwa mtu wa mwili mkubwa. Utasikia wakisema, “Huyu mwili anao, atavumilia.”

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Mizani hupima mifupa, maji, mafuta na misuli kwa pamoja, haisemi kipi kimepungua. Mtu anaweza kubaki na kilo zilezile huku misuli ikipungua na mafuta yakiongezeka.

Misuli si ya kubebea mizigo tu. Baada ya upasuaji, mwili huchota humo protini ya kuponyesha kidonda na kupambana na maambukizi. Misuli pia ndiyo inayomwezesha mgonjwa kuvuta pumzi, kukohoa na kuinuka kitandani. Mwenye misuli kidogo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo baada ya upasuaji na kukaa wodini muda mrefu.

Kinachoweza kuonyesha tofauti hiyo ni picha ya CT scan, ambayo wagonjwa wengi wa saratani ya tumbo hupigwa kabla ya upasuaji ili daktari auone uvimbe. Wataalamu huchukua kipande cha picha kwenye pingili ya tatu ya mgongo, usawa wa kiuno. Hapo misuli huonekana ya kijivu na mafuta huonekana meusi zaidi. Eneo la misuli hupimwa, kisha hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mgonjwa.

Mwaka 2008, watafiti nchini Canada walichapisha matokeo ya kuangalia picha za wagonjwa 250 wa saratani waliokuwa wanene kupita kiasi. Wagonjwa 38 kati yao, sawa na asilimia 15, walikuwa na upungufu mkubwa wa misuli. Hao walikuwa dhaifu zaidi, na kwa wastani waliishi muda mfupi kuliko wenzao wanene wenye misuli ya kutosha.

Hii si sababu ya kudai CT scan mpya, kwani ina mionzi na gharama. Kama picha ipo, familia imuulize daktari: “Misuli yake ikoje?” Si kila hospitali inafanya hesabu hiyo, lakini swali lenyewe hufungua mazungumzo kuhusu lishe.

Nyumbani kuna kipimo kisicho na gharama. Mzazi akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara 5. Mtu awe karibu asije akaanguka. Akitumia zaidi ya sekunde 15, nguvu za misuli huenda zimepungua na daktari aelezwe.

Baada ya hapo, jikoni pana kazi. Nyumba nyingi mgonjwa hupewa uji mwepesi na mchuzi, nyama wakala wengine. Mwongozo wa lishe kwa wagonjwa wa upasuaji unashauri takribani gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 90, na yai moja lina gramu 6 hivi. Uji mtupu hautafika huko. Mayai, dagaa, samaki, maharage, maziwa na karanga vigawanywe katika kila mlo. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiasi na daktari.

Chakula bila kutembea hakitoshi. Katika utafiti mmoja nchini Marekani, wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Basi kabla ya upasuaji mzazi atembee kila siku kadiri anavyoweza, na baada yake ainuke mara daktari anaporuhusu.

Kumwambia “lala tu, pumzika” husemwa kwa upendo. Lakini wiki mbili za kula vizuri na kutembea kabla ya siku ya upasuaji zinaweza kumsaidia zaidi kuliko godoro laini.