Butembo na Beni: Kwa ndege ndogo ya telekomande, moteri ya umeme ndiyo inafaa

BUTEMBO – Fundi wa hapa akisikia neno moteri, anafikiria kwanza pikipiki, jenereta ao mashine ya kupasua mbao. Kwa hiyo kijana akitaka kuunda ndege ndogo ya telekomande, ni rahisi ashauriwe atafute moteri ya esansi. Shauri hilo linatoka kwa moyo mwema, lakini kwa Butembo na Beni halifai. Moteri ya umeme ndiyo inafaa, na sababu zake ziko hapa hapa.

Ya kwanza ni hewa. Butembo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Beni zaidi ya mita 1,000. Moteri ya esansi inapumua hewa, na kwa kila mita 1,000 za kupanda inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Moteri ya umeme haipumui, nguvu yake inabaki. Kinachopungua ni mvuto wa pangaboi, maana hewa ni nyepesi. Dawa yake ni pangaboi refu kidogo, bila kupita ampea ambazo moteri inaruhusu.

Ya pili ni mafuta. Moteri nyingi ndogo za ndege hizi hazitumii esansi ya pikipiki. Zinakunywa metanoli iliyochanganywa na oili, kitu ambacho Kadhafi wa kando ya barabara hauzi. Moteri ya mashine ya kupasua mbao inakubali esansi, lakini ni nzito, inadai ndege ya kilo nyingi. Ndege ya namna hiyo ikianguka juu ya bati la jirani, si mchezo tena.

Ya tatu ni masikio ya watu. Mnamo Desemba 2013 MONUSCO ilianza kurusha drone zake kutoka Goma, na tangu hapo wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wamejua kwamba mlio mdogo mawinguni unaweza kuwa jambo la vita. Beni imezika watu wengi mno. Mama aliye shambani akisikia moteri ya esansi ikilia angani, hataulizia ni ya nani, atakimbia. Moteri ya umeme nayo inasikika, ila si mbali.

Kuna watakaosema: umeme wenyewe uko wapi? Swali ni la haki, lakini hesabu inajibu. Batri ya lithiamu ya volti 11.1 na ampea-saa 2.2 inabeba wati-saa 24 hivi, si mbali na kuchaji simu mbili. Paneli ya jua inayochaji simu za mtaa inaitosha, na ndege ya kilo moja itaruka karibu dakika kumi. Ni kweli esansi inarusha kwa muda mrefu zaidi. Lakini anayejifunza anahitaji kutua mara nyingi kuliko kukaa juu.

Kuchagua kwenyewe kunaanza kwenye mizani, si kwenye duka. Ndege ipimwe pamoja na batri yake. Ndege ya kujifunzia inataka wati 150 hadi 200 kwa kila kilo. Kwa hiyo ndege ya kilo moja na batri ile itavuta hadi ampea 18. Moteri na kifaa cha kuongoza kasi vihimili zaidi ya hapo. Kisha mkia ufungwe kwenye mizani ya kuvuta kama ya wauza nyama, moteri iwashwe. Mvuto usipungue nusu ya uzito wa ndege. Kwa hewa ya Butembo, theluthi mbili ni salama zaidi. Seli za kompyuta za zamani zisitumiwe hapa, zinachoka na kupata moto. Batri ya lithiamu ina chaja yake. Ile ya batri ya pikipiki inaweza kuleta moto nyumbani.

Hii si anasa. Tangu 2016, jirani zetu Rwanda wanapeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na zinaendeshwa na moteri za umeme. Kijana anayejua kulinganisha moteri, batri na uzito ameshika mwanzo wa kazi hiyo.

Lakini hakuna moteri inayochukua nafasi ya ruhusa. Tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoingia jimboni, kurusha kitu chochote bila kuarifu ni kujitafutia matatizo. Rughenda na Mavivi kuna viwanja vya ndege za kweli, kwa hiyo mtu asikaribie. Kwa upande wao, viongozi wa miji wasikataze tu. Waonyeshe uwanja mmoja mbali na nyumba, wapange siku na saa, na waarifu wakaaji kwa redio. Hapo mlio ukisikika, mama ataendelea kulima.