Na ya Kutolea

Juma lililopita nilimkuta mama mmoja mzee amekaa barazani kwa wakala wa fedha za simu, uso umemkunjamana. Mwanawe aliyeko mjini amempelekea shilingi elfu ishirini kamili, nazo ndizo bei ya dawa zake. Kumbe kutoa fedha nako kuna malipo yake, hivyo hawezi kuzipokea zote. Kijana wa wakala hana kosa, ndivyo ilivyopangwa.

Simu imetusaidia, hilo sibishi. Kabla ya mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia Tanzania, mara nyingi fedha za mjini zilikuja katika bahasha mkononi mwa utingo wa basi, na bahasha nyingine hazikufika. Lakini utingo mwaminifu twaweza kumpa ahsante tu. Simu haipokei ahsante. Tena twakumbuka Julai 2021, Serikali ilipoongeza tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kutuma na kutoa, kwa kadiri ya fedha. Watu walinung'unika sana, na mwezi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Basi ninyi vijana wa mjini, mnapompelekea mama fedha, ongezeni na ya kutolea. Nanyi akina mama, msitoe leo elfu tano, kesho elfu tano. Kila safari mwakatwa. Toeni mara moja, mkafiche sandukuni.

Yule mzee alikopeshwa na wakala zile zilizopungua. Mwanawe hajui mpaka leo.