Sabasaba si kituo cha daladala

JAMVINI na Mama Chausiku

Mjukuu wangu wa miaka tisa anaamini Sabasaba ni mahali. Simlaumu. Kila tukipanda daladala ya Mbagala konda anapiga kelele, "Wa Sabasaba!", watu wanashuka Barabara ya Kilwa, na msimu wa maonesho ukifika tunakwenda huko huko kula aiskrimu na kushangaa matrekta. Nilipomwambia kuwa hiyo ni tarehe, siku ya saba ya mwezi wa saba, alinitazama kana kwamba nimemwambia Kariakoo ni siku ya juma.

Basi nikamsimulia. Tarehe 7 Julai 1954, hapa hapa Dar es Salaam, watu 17 walikaa wakakigeuza chama chao cha TAA kuwa TANU. Rais wao alikuwa mwalimu wa shule kule Pugu, Julius Nyerere. Enzi zetu mwanafunzi aliijua imani ya TANU kama anavyolijua jina la baba yake: binadamu wako sawa, kila mtu anastahili heshima. Na ahadi zake tulizijua, kwamba cheo si mali ya mwenye nacho, na rushwa haitolewi wala haipokelewi. Tulizikariri mstarini jua likituchoma utosini. Nakiri, wengine tulikuwa tunachezesha midomo tu.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ikawa taabu. Utawapumzishaje wananchi wote kwa siku ya kuzaliwa ya chama kimoja? Wakulima, ambao nao walikuwa na sehemu yao katika Sabasaba, wakapewa Nane Nane. Tarehe ikabaki, mwenye tarehe akaondolewa, wafanyabiashara wakaingia. (Cha ajabu, kwa jirani zetu Kenya mambo ni kinyume: Saba Saba yao ni ya mwaka 1990, watu walipokwenda Kamukunji kudai hivyo hivyo vyama vingi wakakutana na polisi, huku Kenneth Matiba na Charles Rubia wameshawekwa kizuizini.)

Sina ugomvi na maonesho. Jiko langu la gesi nililinunua pale, na bado linawaka. Lakini ile hoja ya kumwondoa mwenye tarehe haijawahi kuniingia akilini. TANU ilikwisha mwaka 1977 ilipoungana na ASP ikazaliwa CCM, na marehemu hurithiwa na watoto wote, hata waliohama nyumbani kwa hasira. Najua watakaosema mrithi ni mmoja na ana kadi ya kijani. Wazee wangapi wa upinzani waliwahi kuwa na kadi ya TANU mfukoni? Kwamba binadamu wako sawa si sera ya uchaguzi, ni jambo ambalo hata anayeikataa CCM asubuhi na jioni hulishika anapodai haki yake polisi.

Ninachoomba ni banda moja tu pale Barabara ya Kilwa, katikati ya mabanda ya benki na simu. Majina ya wale 17 ukutani, ile imani kwa herufi kubwa, na mzee mmoja wa kuulizwa maswali.

Mjukuu wangu aliliunga mkono wazo hilo mara moja. Kisha akauliza, "Bibi, na kwenye banda lao watagawa nini?"