Kibera, Kawangware: Chuo kidogo cha jirani au chuo kikuu cha umma?

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, mabango ya vyuo vya kibinafsi huongezeka kando ya barabara za Kawangware na Kibera. Chuo kimoja kiko juu ya duka la dawa, kingine juu ya kinyozi, na vyote huahidi kumpokea mwanafunzi mwezi huo huo, akilipa karo kidogo kidogo.

Kwa upande mwingine, mtahiniwa aliyepata alama ya C+ au zaidi hupokea ujumbe kutoka KUCCPS, asasi ya serikali inayowateulia wanafunzi nafasi, kwamba ameitwa Maseno, Eldoret au Kilifi.

Wengi hudhani uamuzi hapa ni rahisi: chuo kikuu cha umma kina jina, basi mtoto na aende. Lakini kwa familia inayoishi kwa vibarua, jina si hoja kubwa. Hoja ni nani atakayelipa gharama ambazo barua ya mwaliko haikuzitaja.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya takriban Sh16,000 kwa mwaka. Kuanzia 2016, serikali iliwapeleka baadhi ya wanafunzi hata katika vyuo vikuu vya kibinafsi na kuahidi kugharamia masomo yao, ahadi iliyoviacha vyuo hivyo vikiidai mabilioni ya pesa.

Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 uligeuza mambo. Anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini ufadhili usiorejeshwa ulitengewa wanaosomea vyuo vya umma. Kwa mtoto wa Kibera, hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache wazazi wanaposhauriana.

Hata hivyo, ufadhili huo nao una mitego yake. Mnamo 2024 wanafunzi waliwekwa katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Katika kundi la kwanza, familia ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Katika kundi la tano, asilimia 40. Kwa kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, huyu alilipa Sh10,000 na yule Sh80,000.

Malalamiko yalizuka mara moja kwamba watoto wa maskini walikuwa wamewekwa pamoja na watoto wa matajiri. Si ajabu. Fomu inataka kujua mapato ya mzazi, ilhali anayeuza mitumba katika soko la Toi au anayesubiri kazi ya mjengo alfajiri hajui atapata nini kesho. (Nani aliwahi kupewa hati ya mshahara kwa kubeba mawe?) Akikadiria mapato yake kwa siku nzuri, anajipandisha kundi bila kujua.

Mnamo Desemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Baadaye mwaka huo, serikali ilitangaza kupunguza karo katika vyuo vikuu vya umma. Mzazi asiyefuatilia habari hizi kwa karibu anaweza kufanya uamuzi kwa kutumia hesabu ya mwaka uliopita.

Kisha kuna malazi. Anayesomea karibu na kwao hula chakula cha nyumbani na hulala bila kodi ya ziada. Aliyeitwa Kilifi atahitaji chumba, sufuria, godoro na nauli kabla ya kusikia somo la kwanza, na mara nyingi fedha za HELB hufika baada ya mwenye nyumba kubisha hodi. Hapa ndipo chuo kidogo cha jirani hupata nguvu zake, na hoja hiyo si ya kudharauliwa.

Kuna pia migomo. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 17, 2025, kuhusu malimbikizo ya Sh7.9 bilioni, ulimalizika Novemba 5. Kwa siku 49, mwanafunzi aliyepanga chumba aliendelea kulipa kodi bila kufundishwa.

Pamoja na hayo, mwandishi huyu anaona kwamba aliyepata C+ na kuwekwa katika kundi la kwanza au la pili asiiache nafasi yake ya umma kwa sababu ya umbali tu. Mkopo wa masomo ya kibinafsi utamfuata miaka mingi, na chuo kinachopokea karo kidogo kidogo hakimsamehe mwenye deni wakati wa mtihani. Aliyewekwa katika kundi la nne au la tano akate rufaa kwanza, kama walivyoruhusiwa wanafunzi wa 2024, kabla ya kulipa shilingi yoyote kwingineko.

Anayeamua kwenda chuo cha kibinafsi aulize mambo mawili. Kwanza, je, chuo kimesajiliwa? Vyuo vya kiufundi husajiliwa na TVETA chini ya sheria ya 2013, na shahada hutolewa tu na chuo kilichoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Leseni ya makao makuu isimridhishe. Aulizie tawi lile lile la juu ya kinyozi. Pili, gharama yote hadi siku ya kuhitimu ni kiasi gani, pamoja na ada ya mtihani?

Na kwa asiyefikisha C+, ushindani wa kweli si kati ya chuo kidogo na chuo kikuu. Taasisi ya kiufundi ya PC Kinyanjui, ambayo ni ya umma, iko Riruta, karibu na Kawangware. Ni vyema mzazi akaulize karo huko kabla ya kupanda ngazi za jengo lenye bango.